Karatasi za Njano za Bi. Lavonne

Kila mwaka, wiki ya pili ya Agosti, nilikuwa natoa kopi mia moja na arobaini za mwongozo wa Bi. Lavonne Tjaden, na kila mwaka kabla jua halijazama nilikuwa naokota thelathini au arobaini kati ya hizo kwenye maegesho ya shule. Nyingine zilikuwa na alama ya kikombe cha kahawa. Moja niliikuta imefutiwa mafuta ya injini. Mwongozo wenyewe ulikuwa wa kurasa nne tu, wa wazazi ambao watoto wao wanaanza masomo ya chuo wakiwa bado sekondari, na aliuchapisha kwenye karatasi za njano iliyokoza ili asitokee mtu akasema hakuuona. Basi waliuona. Kuusoma ndiko kulikowashinda.

Mimi naitwa Roberta Kruse, Bobbie kwa wanaonijua, na nimekuwa karani wa ofisi ya sekondari ya Wending, Iowa, kwa miaka kumi na saba. Meza yangu iko mbele ya mlango wa Bi. Lavonne, mshauri wa wanafunzi, kwa hiyo kila mzazi anayekuja kumpigia kelele hupita kwangu kwanza kujipasha moto.

Bi. Lavonne ni mfupi, mvi tupu, na sweta lake la kijivu limetoboka viwiko vyote viwili. Baba yake alikuwa na ng'ombe wa maziwa sitini. Binti alipomaliza sekondari akamwambia anataka kwenda chuo, mzee aliuliza swali moja tu: "Na ng'ombe watakamuliwa na nani, na mwalimu wako?" Hakwenda. Aliolewa na mkulima wa mahindi, akazaa wavulana wawili, na siku yule mdogo alipoanza shule, mama mtu akiwa na miaka thelathini na mitatu, ndipo naye alipoanza kuendesha gari maili arobaini na nane kwenda chuoni, siku tatu kwa wiki, jua au theluji. Mtihani wa takwimu aliufanya akiwa na homa ya mapafu. Mpaka leo gari lake lina koleo la theluji nyuma hata mwezi wa Julai.

Kwa hiyo utaratibu huu ulipoletwa, wa mtoto wa miaka kumi na sita kukaa mbele ya mwalimu wa chuo bila kulipa hata senti, Bi. Lavonne aliukumbatia kwa mikono miwili. Wanafunzi wake wanavuka kwenda kwenye chuo kidogo cha mji wa jirani Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, wanarudi kabla ya chakula cha mchana. Yeye mwenyewe ndiye aliyehangaika na bodi ya shule mpaka likatolewa basi.

Halafu wazazi wakaugeuza kuwa mashindano.

Nenda kwenye mechi yoyote ya mpira wa kikapu pale kwetu ukasikie. "Wangu atamaliza na yuniti za chuo thelathini na moja." "Aa, wa kwetu thelathini na sita, na bado anapiga tarumbeta." Bi. Lavonne, aliyekaa nyuma yao na mfuko wa bisi, huuliza kwa sauti: "Na kulala, analala lini?" Wanacheka. Wanadhani anatania. Mtoto mwenyewe wakati huo amejiegemeza ukutani, macho mekundu, anameza kahawa kama dereva wa malori.

Na tatizo lilianzia kwenye simu. Shuleni kwetu mzazi anaona alama zote za mwanawe kwenye simu, saa hiyohiyo. Mtoto akipata sifuri kwenye jaribio la dakika tano, mama yake ananipigia kabla kengele haijalia. Wamezoea hivyo toka chekechea. Sasa mtoto akivuka kwenda chuoni, mlango unafungwa. Sheria inasema alama za chuo ni za mwanafunzi, awe na miaka kumi na sita au sitini, na mwalimu hana ruhusa ya kumwambia mzazi hata kama mtoto alifika darasani. Hili liko ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene.

Darrell Hoekstra, mfugaji wa nguruwe, alikuja Oktoba amewiva uso.

"Nimempigia yule mwalimu mara nne. Mara nne! Ananiambia hawezi kuzungumza nami. Mimi!"

"Kweli hawezi," alisema Bi. Lavonne.

"Mimi ndiye ninayemlisha huyo mtoto!"

"Mlishe tu, baba. Nani kakukataza? Lakini alama ni zake."

"Kwa hiyo mimi ni nani, jirani?"

"Wewe ni mzazi ambaye hajafungua ukurasa wa nne." Alichomoa karatasi ya njano kutoka kwenye rundo na kuipigapiga kwa kidole. "Hii hapa fomu. Mtoto akikubali, anasaini hapa. Wewe unasaini chini yake. Unaniletea mimi, naipeleka chuoni, na kuanzia siku hiyo mwalimu atakwambia kila kitu mpaka uchoke. Umemuuliza kijana wako kama anakubali?"

Darrell aliichukua ile karatasi, akaanza kuikunja.

"Kamuulize kwanza," alisema Bi. Lavonne. "Na umuulize vizuri, siyo kwa sauti hiyo ya nguruwe."

Alipoondoka mimi niliinamia kompyuta yangu nikicheka. Fomu ya nini? Mimi neno la siri la binti yangu Maren nilikuwa nalo. Ni jina la mbwa wetu na mwaka aliozaliwa. Nilikuwa naingia kwenye akaunti yake ya chuo asubuhi kabla ya kufungua barua za shule, na jioni kabla ya kuzima taa za ofisi, na sikuona haja ya kumsumbua mtoto kwa saini. Karatasi zangu za njano Maren aliniletea mezani mwezi ule wa Agosti, akasema, "Mama, usome halafu unirudishie." Nikazitia kwenye droo chini ya boksi la chai. Mwongozo ule nilikuwa nimeupiga chapa mwenyewe, nimeutoa kopi miaka tisa. Niusome tena wa nini?

Nyani haoni kundule.

Maren ni binti yangu wa pekee. Mwaka huo alikuwa wa mwisho sekondari, miaka kumi na saba, mtulivu kupita kiasi, mtu wa kujibu "ndiyo Mama" na kufunga mlango wa chumba. Muhula wa pili alikuwa anasoma somo moja la chuo, la kuandika insha. Mahafali yalikuwa Jumapili ya tarehe ishirini na nne Mei, na nyumbani tulishaanza kujiandaa, maana kwetu mtoto akimaliza sekondari unafungua gereji yako kwa mji mzima, unapanga meza, unalisha watu nyama ya nguruwe ndani ya mikate midogo, na kila mtu anakuja kukagua picha za mtoto toka uchangani na kukagua na gereji pia. Kurt, mume wangu, alikuwa anapaka rangi kuta. Bango lenye picha ya Maren lilikuwa limeshasimama uani. Kadi tisini zilikuwa zimeshatumwa.

Sasa, tarehe kumi Aprili, Ijumaa. Mchana, basi la chuo limesharudi, nafungua akaunti ya Maren. Insha ya tatu, ile aliyoandika kuhusu mnada wa shamba la babu yake: hamsini na nne kati ya mia. Jumla ya somo: sitini na moja. Alama za chuo hazifutiki. Zinamfuata mtoto popote aendako, hilo nilikuwa nimelisikia kwa Bi. Lavonne mara elfu. Na pembeni ya ukurasa, kwa maandishi mekundu: leo ndiyo siku ya mwisho ya kujitoa kwenye somo.

Nilisimama nikachungulia ofisini kwa Bi. Lavonne. Hayupo. Mzee Ubben alikuwa anazikwa siku ile, na Bi. Lavonne hajakosa jikoni pa kanisa kwenye msiba wowote kwa miaka thelathini. Alikuwa chini kwenye ukumbi anapaka siagi mikate ya waombolezaji, simu yake iko kwenye koti, koti liko juu. Nilipiga mara mbili. Haikupokelewa.

Kanisa liko mitaa miwili kutoka shuleni. Ningeweza kutembea. Maren mwenyewe alikuwa darasani, korido ya pili kushoto. Ningeweza kumwita kwa kipaza sauti kilichokuwa mbele ya pua yangu, ambacho kazi yake hasa ni kuita wanafunzi. Sikumwita. Nilijua angesema "usijali, Mama," na mimi nilikuwa nimechoka kuambiwa nisijali. Nikabonyeza kitufe cha kujitoa. Mashine ikauliza kama nina uhakika. Nikabonyeza tena. Kisha nikajisikia vizuri, Mungu anisamehe, nikaenda kumnunulia maandazi ya sukari anayoyapenda.

Jumatatu saa tano, basi liliporudi kutoka chuoni, Maren alikuja mpaka kwenye kaunta yangu akasimama na koti lake mwilini.

"Mama, uliingia kwenye akaunti yangu?"

"Ingia ukae, mwanangu, nilitaka kukueleza."

"Uliingia au hukuingia?"

"Ulikuwa na sitini na moja! Nimekuokoa na—"

"Mwalimu alinipa ruhusa kuiandika upya." Alisema polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Nimekwenda ofisini kwake wiki tatu mfululizo. Ile hamsini na nne ni ya rasimu ya kwanza. Leo ndiyo nilikuwa naleta ya mwisho. Akaniambia jina langu halimo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ilikuwa yangu."

Mlango wa Bi. Lavonne ulikuwa wazi. Alitoka na kikombe chake mkononi, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akakiweka kikombe juu ya mashine ya kopi.

"Umemtoa kwenye insha?" aliniuliza.

"Nilikupigia, Bi. Lavonne, hukupokea, nikaona—"

"Bobbie. Ukurasa wa tatu."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingefanya. Hilo somo ndilo Kiingereza chake cha mwaka wa mwisho, huku na kule, somo moja kwenye rejesta mbili. Ukilifuta kule, umelifuta huku. Bila Kiingereza havuki jukwaa la mahafali." Alivua miwani. "Nimeandika kwa herufi kubwa. Nimepigia mstari. Wewe mwenyewe uliniuliza kama mstari mmoja unatosha!"

Kweli niliuliza. Nilikumbuka hata siku yenyewe.

Alipiga simu chuoni palepale. Mimi nikanyoosha mkono nichukue mkonga nijieleze. "Kaa," aliniambia, kama unavyomwambia mbwa, akampa Maren. Mtoto alizungumza dakika kumi. Jibu lilikuwa hapana. Tarehe ni tarehe. Mwalimu alisikitika, ila hana mamlaka. Na kama mama anakuja kuapa kwamba yeye ndiye aliyebonyeza, basi kuna suala jingine la mtu kutumia akaunti isiyo yake, na atakayeulizwa ni mwenye akaunti. Maji yalishamwagika.

Njia ilibaki moja. Mwalimu wa Kiingereza wa shule yetu alikubali Maren afanye somo la muhula mzima kwa wiki sita: vitabu vitatu, insha tano. Atasahihisha, lakini saa ya kufundisha hana. Bi. Lavonne akasema atamsimamia yeye, ofisini kwake, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Akikosa insha hata moja, hasimami na wenzake.

Maren alipokwenda darasani nilianza kulia pale mezani, na kusema ukweli nilitegemea kubembelezwa.

"Nilifanya kwa upendo," nilisema.

Bi. Lavonne alichukua kikombe chake. "Baba yangu naye alinipenda, Bobbie. Alinipenda sana. Ndiyo maana aliniamulia." Akaingia ofisini, na mchana ule hakunisemesha tena.

Wiki sita hizo simtakii hata adui. Maren alibadilisha neno la siri. Nilijaribu majina ya mbwa wote tuliowahi kufuga, wakiwemo waliokufa, kabla ya kuona aibu na kuacha. Asubuhi nilifika kazini nikakuta taa ya Bi. Lavonne inawaka, vichwa viwili vimeinama, na sinia la keki ya rhubabu, ile mboga chachu ya bustani zetu, limeliwa nusu. Nikikohoa, Bi. Lavonne anausukuma mlango kwa mguu.

"Amefika insha ya ngapi?" nilimuuliza wiki ya tatu.

"Muulize mwenyewe."

"Hasemi."

"Basi umeshajibiwa."

"Mimi ni mama yake, Bi. Lavonne! Nina nyama ya watu tisini imeagizwa!"

"Darrell Hoekstra alikuja hapa akisema hivyohivyo," alijibu, "ila yeye baadaye alileta fomu."

Nyumbani hali ilikuwa hiyohiyo. Tukiwa tunakula nilimuuliza Maren kwa upole niliojilazimisha, "Nighairi nyama au nisighairi?"

"Sijui, Mama. Labda uingie uangalie."

Kurt alicheka akapaliwa. Nilimpiga jicho. Alikuwa amepaka gereji rangi mara mbili, na kila jirani aliyepita na mbwa wake alisimama mbele ya bango letu na kusema, "Hongereni! Lazima mnaona fahari!" Nikawa natabasamu mpaka mashavu yananiuma, na sijui kama mtoto aliye kwenye lile bango anamaliza au hamalizi.

Kila mwaka orodha ya wahitimu naipiga chapa mimi. Mwaka ule Bi. Lavonne aliniambia, "Hii nitaiandika mwenyewe," na kuibeba. Sikubisha.

Jumatano kabla ya mahafali alitoka ofisini amevaa sweta lake lilelile na kuniwekea orodha mbele yangu. Niliishuka kwa kidole. Kruse, Maren Jo. Nilitaka kumkumbatia, lakini yeye si mtu wa kukumbatiwa, akarudi nyuma hatua moja.

"Amemaliza insha ya tano jana," alisema. "Ameandika tena ule mnada wa babu yake. Usiniulize alama. Na nafunga mafaili ya mwaka. Nakudai fomu yako ya Agosti, ukurasa wa nne. Hata tupu, nirudishie. Hesabu yangu haitimii."

Alipoingia ndani nilivuta droo. Boksi la chai, vibandiko, peremende zilizogandana, na chini kabisa karatasi za njano, pini bado imebana. Nikazisoma, kwa mara ya kwanza, nimesimama. Ukurasa wa tatu nilikuta mistari miwili chini ya sentensi ile. Nikafunua wa nne.

Ilikuwa imeshasainiwa. Maren Jo Kruse, tarehe kumi na nne Agosti, kwa mwandiko wake wa herufi nyembamba. Alikuwa ameweka alama ya vema kwenye kila kisanduku: alama, mahudhurio, mazungumzo na mwalimu, vyote. Na pembeni ya mstari wangu mtupu alikuwa amebandika kikaratasi chenye mshale: *Mama, wewe saini hapa.*

Miezi tisa ilikuwa kwenye droo yangu. Ningekuwa nimeisaini, ningempigia mwalimu siku ile ya Ijumaa, naye angeniambia habari ya kuandika upya kabla sijamaliza kutaja jina langu.

Sikuirudisha ile fomu siku hiyo. Niliichukua nyumbani. Nilimkuta Maren gereji, anapanga picha zake juu ya meza, na nikaiweka mbele yake. Alipitisha kidole juu ya saini yake.

"Nilidhani hukutaka," alisema.

"Sikuiona. Sikuifungua, mwanangu. Nisamehe."

Alitikisa kichwa kukubali. Alibandua kile kikaratasi cha mshale, akakikunjakunja kwa vidole.

"Naweza kusaini sasa," nilisema. "Kalamu ninayo."

"Hiyo imeshapitwa, Mama. Ni ya mwaka huu." Alirudia kupanga picha zake, ya chekechea, ya meno ya mbele yaliyong'oka. "Fomu ya chuo kikuu nimeletewa wiki iliyopita. Iko chumbani kwangu."

"Na umesaini?"

"Bado nafikiria."

Ulimi uliniwasha. Nilikuwa na hoja kumi tayari. Nikazimeza zote, nikaingia ndani kuyeyusha barafu kwenye ile nyama ya watu tisini.